Nguvu ya Ubavu wa Bawa Iko Kwenye Maungio

Katika ndege ndogo ya mbao kama Pietenpol Air Camper, ambayo Bernard Pietenpol aliibuni nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 na ambayo hadi leo watu huijenga wenyewe nyumbani, umbo la bawa hutokana na mbavu zinazopangwa kukatiza boriti mbili kuu, kisha zikafunikwa kwa kitambaa. Kitambaa hupokea nguvu ya hewa na kuzikabidhi mbavu, nazo huipeleka kwenye boriti. Ubavu wenyewe ni fito za mbao ya sprusi (mti wa jamii ya msonobari) zenye upana wa nusu inchi na unene wa robo inchi, zinazoshikanishwa kila zinapokutana kwa vipande vya plaiwudi yenye unene wa 1/16 ya inchi. Naona wanaoanza huhangaika mno na mchoro na kuyapuuza maungio, ilhali bila maungio madhubuti fito hizo ni vijiti tu.

Kabla ya kuchana ubao, nautazama kwa makini: nyuzi za mbao zisiende upande zaidi ya inchi 1 katika urefu wa inchi 15, na pete za ukuaji zisipungue 6 katika inchi moja. Ufito wenye fundo nautupa.

Ubavu huundwa juu ya kalibu, yaani ubao bapa wenye mchoro wa ukubwa halisi na vigingi vidogo vya kubana fito, ukiwa umetandikwa nailoni ili gundi isiugande. Ufito wa juu, unaopinda sana karibu na ukingo wa mbele, hulowekwa katika maji ya moto na kuachwa ukauke kabisa ndani ya kalibu kabla ya kupakwa gundi.

Gundi ya resosino ni imara sana, lakini hudai mbao zikutane barabara, zibanwe kwa nguvu na joto lisipungue nyuzi 21 za Selsiasi. Mimi hutumia gundi ya epoksi, kwa sababu huvumilia mwanya mdogo na haihitaji kubanwa sana; hata hivyo hulainika kwenye joto kali, ndiyo maana ndege ya namna hii inafaa kupakwa rangi nyeupe au nyingine isiyofyonza jua. Vile vijisumari vinavyoonekana kwenye plaiwudi kazi yake ni kubana tu hadi gundi ikauke.

Kila ninapochanganya gundi, naunganisha pia mabaki mawili ya mbao yaleyale. Gundi ikishakomaa nayatenganisha kwa patasi na kuitazama sehemu iliyoachana: nyuzi za mbao zikiwa zimechanika na kubaki pande zote mbili, gundi imeshinda mbao, na hilo ndilo ninalolitaka; lakini uso ukitoka laini na wa kung'aa, mbavu zote za mchanganyiko ule zinakataliwa, hata zikiwa nzuri namna gani machoni.

Mbavu zilizofaulu jaribio hilo hupakwa vanishi, isipokuwa pale zitakapogundishwa kwenye boriti, kwa kuwa epoksi inapaswa kushika mbao yenyewe.