GPA ya Chini, LSAT ya Juu: Yanayosemwa na Yalivyo

Nchini Marekani sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, kwa miaka mitatu, na faili la mwombaji huanza kusomwa kwa namba mbili: GPA ya shahada hiyo, yaani wastani wa alama ambao kwa kawaida huishia 4.0, na alama ya LSAT, mtihani wa kuombea chuo cha sheria unaopimwa kuanzia 120 hadi 180. Kwa waombaji wengi namba hizo huelekea upande mmoja. Wapo wengine ambao kwao ni mashahidi wawili wanaopingana kizimbani: GPA 2.8, LSAT 172. Watu hawa huambiwa mengi, na sehemu kubwa ya wanayoambiwa ni ukweli nusu.

"Kwa GPA hiyo, vyuo vikubwa visahau."

Hapa ndipo penye kosa kubwa zaidi, na ili kuliona lazima ujue chuo chenyewe kinahesabiwaje. Chama cha Mawakili cha Marekani, ABA, hukilazimisha kila chuo cha sheria inachokitambua kutangaza kila mwaka, kufikia tarehe 15 Desemba, alama za darasa lililoingia: ya katikati, ya robo ya juu na ya robo ya chini, kwa GPA na kwa LSAT. Inayotazamwa kuliko zote ni ile ya katikati.

Sasa wapange wanafunzi 201 kwa mstari, wa GPA ndogo mwanzoni na wa GPA kubwa mwishoni. Wa 101 ndiye anayetoa alama ya katikati. Tuseme ni 3.8. Mwenye 3.7 yuko nyuma yake, mwenye 2.8 naye yuko nyuma yake. Mstari hauulizi nani yuko nyuma kwa umbali gani. Kwa hesabu hiyo wote wawili ni sawa, na kama mwenye 2.8 ana LSAT inayozidi ya katikati huku mwenye 3.7 hana, chuo kinafaidika zaidi kikimchukua wa kwanza. Kwa hiyo barua ya kukubaliwa inaweza kumfikia mtu ambaye wenzake waliomzidi GPA chuoni wamekataliwa. Si muujiza wala upendeleo.

Nafasi zenyewe, hata hivyo, zina mpaka. Robo ya chini nayo hutangazwa, kwa hiyo chuo hakitaki ishuke mno. Ukubwa wa darasa una maana pia: Yale huingiza wanafunzi wapatao 200 kwa mwaka, yaani robo yake ni watu 50 tu, ilhali Harvard huingiza zaidi ya 500. Mwenye namba zinazopingana akiulizwa aombe wapi, mimi ningemwambia atazame ukubwa wa darasa kabla ya jina la chuo.

"LSAT ikiwa juu, GPA hakuna atakayeitazama."

Wataitazama, na wataigeuza kila upande. ABA inataka angalau asilimia 75 ya wahitimu wa chuo wanaofanya mtihani wa uwakili wafaulu ndani ya miaka miwili. Kwa hiyo kamati ya udahili ikiona akili kali na alama dhaifu, swali linalokuja kichwani ni moja: huyu ni mvivu, au kuna jambo lilimpata? Jibu hulitafuta kwenye transkripti, orodha rasmi ya kozi na alama zake. Alama mbovu za mwaka wa kwanza zinazopanda hadi kuhitimu husomwa tofauti kabisa na zile zinazoshuka mwaka hadi mwaka, hata kama jumla yake ni ileile 2.8.

"GPA yangu ni ile iliyoandikwa na chuo changu."

Hapana. LSAC, shirika linaloendesha LSAT, huihesabu upya. Huingiza kozi zote za ngazi ya chuo ulizosoma kabla ya kupata shahada ya kwanza, hata zile ulizosoma chuo kingine ukiwa bado sekondari. Kozi uliyoifeli ukairudia, alama zote mbili huhesabiwa maadamu transkripti inazionyesha. Upande wa neema, A+ hupewa 4.33. Shahada ikishatolewa mlango umefungwa: alama za uzamili haziingii, kwa hiyo anayekwenda kusoma uzamili ili kuinua GPA anapoteza ada.

Waliosoma nje ya Marekani na Kanada wana habari nyingine. Kwa kawaida transkripti zao hazigeuzwi kuwa GPA; hupewa tathmini ya maneno, kama vile wastani au juu ya wastani.

"Kurudia LSAT ni kujiaibisha."

Vyuo huona alama zako zote, lakini kinachoingia kwenye ripoti ya ABA ni ile ya juu kabisa. Kanuni inaruhusu mara saba katika maisha yote. GPA ni kesi iliyokwisha hukumiwa. LSAT ndiyo unayoweza kuikatia rufaa.

"Eleza kila kitu kwenye insha."

Insha binafsi si mahali pa kulilia alama. Kuna karatasi ya maelezo ya ziada, na nusu ukurasa inatosha: nini kilitokea, kiliisha lini, na nini kwenye transkripti kinaonyesha kwamba kiliisha. "Mihula miwili nilifanya kazi za usiku kumuuguza baba, tangu muhula wa nne nimepata A na B tu." Basi. Na kama ukweli ni kwamba ulicheza, sema ulicheza, kisha onyesha ulipoacha. Wasomaji wa mafaili haya wamesoma visingizio kuliko wewe ulivyovitunga.

"Wa GPA ya chini hapewi ufadhili."

Chuo kinachotaka kuinua alama yake ya katikati ya LSAT hutoa pesa ili kuipata, na punguzo la ada kwa watu hawa si jambo geni, hasa kwenye vyuo ambavyo alama yao inavizidi. Cha kuangalia ni masharti. Baadhi ya ufadhili hudumu tu ukifikia kiwango fulani cha alama, na vyuo vingi hugawa alama za mwaka wa kwanza kwa kuwalinganisha wanafunzi wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo wote hawawezi kuwa juu. Chuo chenye ufadhili wa aina hiyo hulazimika kutangaza ni wangapi waliopunguziwa au kunyang'anywa. Namba hiyo itafute kabla ya kutia saini.