Kwa nini wapenzi wazee hawaonekani kwenye filamu?

Shangazi yangu ana miaka 74. Alichumbiwa Belle Vue Drive-In, Mombasa Road, Nairobi, ndani ya Peugeot 404 ya kuazima, enzi zile watu wakiegesha gari mbele ya skrini na kuning'iniza spika dirishani. Siku hizi sinema huzitazama sebuleni kwake Buruburu, mjane, rimoti mkononi. Jumapili moja akaniuliza: "Hivi hawa watu wenu wa sinema, wakishafika sitini huenda kupendana wapi?"

Wengi wangemjibu kwamba wakishafika huko hamu imekwisha. Haijaisha. Mwanamke hukoma hedhi kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni hushuka, na mwili hukauka pale ulipokuwa na unyevu. Kwa mwanamume testosteroni hupungua polepole, takriban asilimia moja kwa mwaka baada ya ujana. Kupungua si kwisha. Mwaka 2007 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Wamarekani zaidi ya 3,000 wa umri wa miaka 57 hadi 85. Kati ya wenye miaka 65 hadi 74, asilimia 53 walikuwa wamefanya tendo la ndoa ndani ya mwaka uliopita. Hata katika kundi la 75 hadi 85, walikuwa asilimia 26. Na kwa wale walioacha, sababu kubwa ilikuwa afya ya mume, wala si moyo kupoa. Wanawake wengi hawakuwa na mwenzi kabisa, maana waume hutangulia. Wahenga hawakuhitaji jarida; walisema ng'ombe hazeeki maini.

Basi kasoro iko kwenye kamera. Biashara ni sehemu yake: wanaotoa pesa za filamu huamini anayekata tiketi ni kijana, na kijana hataki kuona wazazi wake kitandani. Lakini angalia hata umri wenyewe unavyochezewa. Katika The Graduate ya mwaka 1967, yule mama mtu mzima anayemtongoza kijana aliyetoka chuo aliigizwa na Anne Bancroft, aliyekuwa na miaka 35 hivi. Dustin Hoffman, huyo "kijana" wake, alikuwa mdogo kwake kwa miaka sita tu! Yaani hata pale hadithi ilipomtaka mwanamke aliyekula chumvi, kamera ilimkwepa.

Sisi huku tulikuwa na wapenzi wazee kwenye televisheni kila wiki, ila hatukuwaita hivyo. Mzee Ojwang na Mama Kayai wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi, Benson Wanjau na Mary Khavere kwa majina yao halisi, waliigiza mke na mume kwa muda mrefu kiasi kwamba watazamaji wengi waliamini ni wanandoa kweli. Waligombana, wakasutana, wakatuvunja mbavu. Ndiyo ruhusa ambayo mzee hupewa kwenye skrini: apende, lakini achekeshe. Bibi mwenye hamu ni kichekesho cha kale katika michezo ya kuigiza ya mataifa mengi, na mwandishi wa skripti anayekosa wazo humrudia yeye.

Ruhusa nyingine ni pesa. Sikiliza maneno ya Nairobi yenyewe: sponsa, mubaba, mumama. Yote yanamtaja mtu mzima anayetaka mapenzi, na yote yana pochi ndani yake. Filamu ya Ulrich Seidl, Paradise: Love, iliyoshindanishwa kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2012, inamleta mama wa Austria mwenye miaka hamsini hivi hadi Pwani yetu kutafuta vijana wa ufuoni. Mwili wake haufichwi hata kidogo, jambo la nadra, lakini kila kitanda anachopanda kina bei. Na mwaka 2003, Wambui Otieno, mpigania uhuru na mjane wa wakili S.M. Otieno, alipoolewa tena akiwa na miaka 67 na fundi wa mawe aliyekuwa mdogo kwake kwa takriban miaka arobaini, nchi nzima iligeuka baraza. Mzee wa kiume akioa kwa pengo kama hilo, watu hugeuza shingo mara moja wakaendelea na chai yao.

Cannes hiyohiyo ya 2012, tuzo kuu, Palme d'Or, ilienda kwa Amour ya Michael Haneke: walimu wa muziki wastaafu, mume na mke waliopita themanini, ndani ya nyumba yao Paris, mke akipata kiharusi. Emmanuelle Riva aliteuliwa kuwania Oscar kwa uhusika huo, na siku ya sherehe alikuwa anatimiza miaka 86. Haneke hawaonyeshi wakifanya mapenzi. Huiacha kamera itulie, bila muziki wa kutuambia tuhisi nini, mume akimwinua mkewe kutoka chooni, amemkumbatia kifuani, wakisogea hatua kwa hatua kama wanaocheza dansi ya polepole. Ni ugonjwa, ndiyo, na hapo nina ugomvi kidogo: ugonjwa nao ni kisingizio kingine cha kuwaruhusu wazee kugusana. Ila mikono ile haidanganyi.

Niliitazama na shangazi. Nilidhani angelia mwishoni, pale pagumu. Hakulia. Alininyang'anya rimoti akairudisha karibu na mwanzo, kabla ya kiharusi, wanaporejea kutoka kwenye tamasha, na mume, bila sababu yoyote, anamwambia mkewe kwamba usiku ule alikuwa amependeza. Mke anashangaa, huyu leo ana nini.

"Hapo," shangazi akasema, akaisimamisha picha. "Niachie hapo kidogo."