Regyuleta ya feni, thairista na maneno ya mtaani

Kaskazi ikianza kuchoma, Unguja nzima huwa na la kusema juu ya feni, na juu ya thairista, ile swichi ndogo ya umeme isiyo na kitu kinachosogea. Haya hapa manne ya mtaani, na majibu yake.

"Punguza usipunguze, Tukuza (mita yetu ya kulipia kabla) inakula uniti zile zile." Regyuleta za zamani zilikuwa na waya wa ukinzani, na sehemu ya umeme iliishia kuwa joto la bure ndani ya kisanduku cha ukutani. Nyingi za kitufe cha kuzungusha siku hizi zina triaki, yaani kama thairista mbili zilizogeuziana ndani ya ganda moja. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mkondo hufika sifuri mara 100 kwa sekunde. Kila ukifika hapo triaki hujifunga, kisha hungoja geti (mguu wake wa kuamrisha) lipate umeme ndipo ifungue tena. Ukipunguza feni unarefusha kungoja huko tu. Uniti zinapungua, na ule mvumo wa feni ikienda taratibu unatokana na mawimbi yaliyokatwa.

"Geti likikosa umeme, thairista inazima kama transista." Haizimi! Ikishafungua hushikilia mpaka mkondo unaopita ndani yake ushuke mno. Kwenye umeme wa ukutani ile sifuri huimaliza kazi; kwenye betri ya sola hakuna sifuri, lazima ukate njia.

"Kebo ya baharini haiendi bila thairista." Kwa masafa marefu sana ni kweli zinasaidia: laini ya Cahora Bassa, kutoka Msumbiji hadi Afrika Kusini, ni ya DC (umeme wa mwelekeo mmoja) na ina thairista za kuubadilisha. Kebo yetu ya kilovolti 132 inayoingilia Fumba, ya mwaka 2013, ni AC tupu (umeme unaogeuza mwelekeo, kama wa ukutani), na ya Pemba kutoka Tanga vilevile.

"Mita haisomi, hii imekufa." Hili la kupima thairista linaudhi, maana vipuri vizima vinatupwa. Kati ya anodi na kathodi (miguu miwili ya kupitishia mkondo) thairista nzima haitakiwi kusoma, upande wowote. Chukua mita ya mshale, omu za chini, chanya kwenye anodi (mita nyingi za mshale chanya ni waya mweusi, wengi hukosea hapa), hasi kwenye kathodi. Gusisha geti na anodi: mshale unaruka. Achia geti: thairista ikiwa ndogo, mshale hubaki palepale. Mita ya dijitali mara nyingi haina mkondo wa kuishikilia, usiihukumu kwa hiyo. Ikisoma omu sifuri hata kabla hujaligusa geti, hiyo ndiyo ya kutupa.