Mdomo-wa-ndege wa California: yanayosemwa na yaliyopo

"Ni kimelea, king'olewe." Aliyewahi kuona kiduha kikimaliza shamba la mahindi husema hivyo, na simlaumu: mdomo-wa-ndege, ua la mwituni la vinamasi vya chumvi vya pwani ya California, kisayansi Chloropyron maritimum subsp. maritimum, ni wa ukoo uleule. Wote wawili ni nusu vimelea, wana majani ya kijani na hujitengenezea chakula. Lakini kiduha hakioti mpaka mbegu yake inuse mzizi wa mahindi au mtama. Huyu huota peke yake, kisha mizizi yake ikajishikiza kwa jirani kufyonza maji na madini, jambo linalomfaa sana wakati wa kiangazi. Majirani wenyewe ni nyasi za mwituni zinazotanda kupita kiasi; zikipunguzwa nguvu kidogo, mimea midogo nayo hupata nafasi. Hakuna shamba la mtu linaloliwa.

"Ua la pwani linapenda maji ya bahari." Kwa kiasi. Huishi sehemu ya juu ya kinamasi, panapofikiwa na bamvua tu, na mbegu huota baada ya mvua za majira ya baridi kupunguza chumvi. Chumvi inayoingia mwilini huitolea nje: tazama majani yake kwa karibu, utaona chembe nyeupe zimenasa kwenye vinyweleo.

"Mwaka huu imeota michache, basi inakwisha." Si lazima. Ni mmea wa mwaka mmoja, idadi yake hupanda na kushuka, na mbegu hubaki udongoni zikisubiri. Cha kuogopa ni vinamasi kufukiwa kwa bandari, barabara na nyumba. Marekani iliuweka kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini mwaka 1978.

"Weka uzio, kazi imekwisha." Hii ndiyo inayonikera zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mbegu kutoka mlango wa mto Tijuana zilisiwa kwenye kinamasi cha Sweetwater, ghuba ya San Diego, kufidia uharibifu wa ujenzi wa barabara kuu. Zikaota. Ila ua bila nyuki halizai mbegu za kutosha, na baadhi ya nyuki wa mwituni wanaolichavusha hutaga kwenye ardhi kavu iliyo nje ya kinamasi, ardhi ambayo mjini huwahi kutiwa lami. Halafu kuna maji ya bustani na mitaro yanayotiririka mwaka mzima kutoka mitaani: hupunguza chumvi, magugu ya kigeni yakastawi na kulifunika ua. Maji hayo hupita chini ya uzio.