Shimo Lililo Wazi Si la Buibui wa Mlango

Juzi nimetumiwa picha nyingine, kutoka Newala: shimo wazi chini ya mkorosho, utando umetanda mdomoni, na swali lilelile. "Mtaalamu, buibui wako wa mlango huyu hapa, nimwagie mafuta ya taa?" Jamani, mlango wa kufunika shimo uko wapi?

Shimo kubwa lenye utando wa kuonekana mchana kweupe, mshuku kwanza Pterinochilus, yule buibui mwenye manyoya. Huyo mlango hatengenezi. Wa mlango ninayemsema ni wa kundi la Idiops, na shimo lake utalikanyaga bila kulijua. Anayemtaka aanzie kingo za njia kwenye misitu kama ya Rondo, mkoani Lindi, penye udongo ulioshikamana na pasipotuama maji.

Mlango wenyewe ni udongo uliofumwa kwa hariri. Juu umebandikwa takataka za palepale, chini ni mweupe laini, na upande mmoja umeshikwa na bawaba ya hariri. Kuna mwembamba unaolala tu juu ya shimo, na kuna mnene unaozama mdomoni kama kizibo cha chupa. Uinue taratibu kwa ncha ya kisu: mwenye nyumba anaukamata kwa meno na kucha, na utahisi unavutwa chini. Ishia hapo, usimvunjie. Usiku anaufungua kidogo, mende akikatiza karibu anadakwa, mlango unajifunga.

Sumu yake? Ya kuulia wadudu anaowadaka. Tuendelee.

Linaloniudhi zaidi ni "wametuvamia nyumbani". Jike havamii mtu, hahami hata shimo; akikua analipanua lilelile. Anayekatiza sebuleni mvua zikianza ni dume, anatafuta mke, na siku zake zinahesabika. Jike ndiye mwenye umri. Kule Australia, Gaius villosus, wa familia moja na Idiops (Idiopidae), mtafiti wa buibui Barbara York Main alianza kumfuatilia mwaka 1974 kwa jina la Namba 16. Mwaka 2016 mlango wake ulikutwa umetobolewa na nyigu. Alikuwa na miaka 43, shimo lilelile. Na kwa kuwa watoto huchimba jirani na mama, trekta likipita mara moja limefagia ukoo mzima.

Mkiniuliza spishi kwa picha ya mgongo, sijibu. Spishi nyingi za Idiops wanasayansi wamezieleza kwa jinsia moja tu: dume ana jina lake la spishi, jike lake, na huenda ni mtu na mkewe. Vitabu huyapanga majina hayo kana kwamba kesi imeisha. Nitumieni picha ya uso kwa mbele. Macho mawili yakiwa yamejitenga ukingoni kabisa na mengine yamekusanyika nyuma, hapo tutaongea.