Frontia sio mpaka jamani

Nimekutana tena na mtu anayetafsiri "frontier" ya Kiingereza kuwa mpaka, kaandika "simulizi za mpakani kwa jicho la mwanamke mzawa", anaongelea Australia ya enzi za ukoloni, nikajiuliza mpakani mwa nini na nini? Australia imezungukwa na bahari pande zote, haijapakana na mtu.

Frontia kwa kifupi ni pale walowezi walipofikia kwenye kuchukua ardhi ya watu, basi. Neno lenyewe asili yake ni Kilatini, frons, yaani paji la uso, likapitia Kifaransa, na huko Ulaya kweli lilikuwa mpaka wa nchi na nchi, mnatazamana na jirani. Wamarekani ndo wakaligeuza likawa ukingo wa makazi yao wenyewe, ukivuka hapo ni pori tu. Sensa yao ya 1890 ikafika kutangaza kwamba mstari wa frontia haupo tena, na mstari huo walikuwa wanauchora kwa kuangalia wapi pana watu angalau wawili kwa maili ya mraba, wenyeji waliosukumiwa kwenye maeneo ya kutengewa wala hawamo kwenye hesabu. Sasa mpaka wetu una pande mbili na kila upande una mwenyewe, hata shamba la bibi yako lina mpaka kwa sababu kuna jirani. Labda mpaka ile ya "hadi" ndo inakaribia: leo mpaka hapa, kesho mpaka kule mtoni.

Chukua hadithi ya 1892 ya Henry Lawson, mwandishi wa Australia, mke wa mswaga mifugo yuko peke yake na watoto, nyoka kaingia chini ya nyumba, na tunaambiwa dalili ya ustaarabu iliyo karibu iko maili 19. Haya. Humohumo siku ya kujifungua mkunga anatokea hapo chini kijitoni, mama wa Kiaborijini anayeitwa Black Mary, katajwa kidogo kapita. Maili 19 na mkunga yuko kijitoni! Leah Purcell, mwandishi Mwaborijini wa Queensland, alipoiandika upya kwa jukwaa 2016 akampa yule mke damu ya wenyeji, kwa hiyo kale kapori ka Lawson kakawa kwa mama yake.

Huyo unamwekaje mpakani? Andika "kwenye ardhi iliyokuwa inavamiwa", ni ndefu najua, au iache frontia ilivyo ila sema ya nani.