Mkato gani wa manyoya unamfaa mbwa mdogo chotara? Maswali na majibu

Mbwa wangu ni mdogo, chotara, na wazazi wake siwajui. Nitajuaje mkato unaomfaa?

Weka kando picha za mbwa wengine kwanza. Yapanue manyoya ya mgongoni kwa vidole mpaka uione ngozi. Ukikuta nywele za aina moja tu, laini, za mawimbi au za kujikunja, zinazozidi kurefuka na hazipukutiki sana, huenda amerithi kwa mbwa wa aina ya poodle, shih tzu au Maltese. Huyo lazima akatwe, la sivyo zitarefuka mpaka zimfunike macho na kumkwaza miguu. Ukikuta chini ya manyoya marefu kuna mengine mafupi, mazito na laini kama sufi, yanayopukutika kwa wingi, ana tabaka mbili kama Pomeranian. Huyo huchanwa, hanyolewi mpaka karibu na ngozi.

Chotara anaweza kuwa na yote mawili: mgongo wa tabaka mbili, masikio na mkia wa nywele ndefu. Hata ndugu wa tumbo moja huweza kuhitaji mikato tofauti. Kwa hiyo kagua kila sehemu ya mwili kabla hujawasha mashine.

Wakati wa joto si afadhali nimnyoe wote apate ubaridi?

Kwa mwenye tabaka mbili, hapana. Mbwa hapoi kwa jasho la mwili mzima kama sisi. Hupoa zaidi kwa kuhema ulimi ukiwa nje, na tezi zake za jasho ziko hasa kwenye nyayo. Manyoya yake humkinga na jua, na ukiyaondoa mpaka chini, ngozi huungua, hasa kama ni nyeupe au ya waridi. Tena kuna wanaonyolewa hivyo na manyoya yakakawia kurudi miezi 6, 12 au hata zaidi, na yakirudi yanaweza kuwa na rangi tofauti au mabaka. Hasara hiyo inaumiza kwa sababu ilizuilika kwa chanuo tu. Mtoe manyoya ya ndani yaliyokufa, hewa ipite. Kumnyoa sana kuwe kwa sababu ya tiba: upasuaji, kidonda au mafundo ya manyoya yasiyofunguka.

Na yule mwenye nywele zinazorefuka, nimkate vipi?

Napendelea mkato wa urefu mmoja mwili mzima, sentimita 2 na nusu hivi hadi 5, uso ukiachwa wa mviringo. Unachanika kwa urahisi na bado unaikinga ngozi. Mwenye nafasi ndogo ya kuchana apunguze hadi sentimita 1 hivi. Hakuna ubaya, ila mbwa huyo asikae juani muda mrefu. Nywele ndefu za kuburuza chini ni nzuri kuzitazama, lakini zichague tu kama utazichana kila siku bila kukosa. Wengi wa mbwa hawa hukatwa kila baada ya wiki 4 hadi 8.

Uchague mtindo wowote, sehemu nne zibaki fupi kwa ajili ya afya: pembe za macho, kuzunguka njia ya haja, tumboni panapolowa mkojo, na katikati ya vidole vya miguu, ambako uchafu hunasa na mbwa huteleza kwenye sakafu laini. Karibu na jicho tumia mkasi wenye ncha butu, na utangulize chanuo kati ya mkasi na ngozi.

Kwa nini mafundo yanasemwa kuwa ugonjwa? Si nywele tu?

Fundo huvuta ngozi kila mbwa anapopiga hatua. Chini yake hewa haipiti, unyevu hukaa, ngozi hulainika, huwasha, kisha hupata vidonda vyenye bakteria. Kupe na viroboto hujificha humo. Mbwa anayekataa kushikwa kwapani pengine si mkali, anaumia.

Mafundo huanzia nyuma ya masikio, kwapani, chini ya mkanda wa shingoni, kati ya mapaja na nyuma ya miguu. Kosa linalojirudia ni kupitisha brashi juu juu, manyoya yakapendeza kwa nje huku chini yamesokotana. Yagawanye kwa mistari, uchane kidogo kidogo kuanzia kwenye ngozi, na umalizie na chanuo la chuma: likikwama, kazi bado. Chana kabla ya kumwogesha, maana maji hulikaza fundo.

Usilikate fundo kwa mkasi. Ngozi ya mbwa ni nyembamba na huvutika ndani ya fundo, kwa hiyo unaweza kuikata pamoja na nywele. Mafundo yaliyobana huondolewa kwa mashine, mara nyingi kwa wembe namba 10 unaoacha kama milimita 1 na nusu, ukipita polepole kati ya fundo na ngozi. Wembe huo hupata moto baada ya muda. Uguse kwa ndani ya kifundo cha mkono wako, na ukiwa moto simama upoe. Mbwa aliyefunikwa na mafundo mwili mzima apelekwe kwa daktari wa mifugo, maana huenda akahitaji dawa ya kumtuliza.

Naweza kumwogesha kwa shampuu yangu?

Hapana. Ngozi yake haina asidi nyingi kama yako, na shampuu ya watu huweza kuikausha na kuiwasha. Tumia ya mbwa, suuza mpaka maji yatoke safi, na umkaushe hadi kwenye ngozi. Mafuta ya mti wa chai (tea tree oil) usimpake, ni sumu kwake.

Kucha je?

Kata ncha tu. Ndani ya ukucha kuna nyama yenye mshipa wa damu. Usisahau ukucha wa pembeni, juu kidogo ya wayo: haugusi chini, hausagiki, na huweza kujikunja ukaingia kwenye ngozi.

Amenyolewa mafundo ya masikioni, sasa anatikisa kichwa bila kuacha. Ni kawaida?

Kutikisa kidogo ni kawaida, damu ikirudi kutembea sehemu iliyokuwa imebanwa. Akiendelea, damu inaweza kujikusanya ndani ya sikio. Ukiona sikio limevimba, laini kama mto na la moto, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, na wala usilitoboe.